Mtungi Ambao Sikuupima

Chaka,
9 Februari 2025

Mwaitu wangu Kanini,

Nakusalimia kwanza ndio niweze kukusumbua vizuri. Sisi tuko. Asubuhi baridi inatumaliza, mchana jua linachoma mpaka nyasi zimekuwa kama karatasi. Dada yako Kagure alikuja kutoka Othaya Jumapili na mtoto wake, ambaye sasa anakimbia. Anakimbia anaanguka, anakimbia anaanguka, na ole wako umwinue. Ni wewe mtupu. Ng'ombe wetu Rosa alizaa ndama jike. Mvua bado.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani na simu iko. Kanini, hiyo simu imenichosha. Nakuuliza uko aje, unasema niko sawa Mama. Nakuuliza umekula, unasema nimekula Mama. Kisha kunakuwa kimya, nasikia tu upepo wa huko Finland, halafu unasema wacha nikuache upumzike, na mimi sijasema nimechoka. Baada ya hapo nakaa nimeshika simu kama mtu amepewa sahani tupu. Kwa hivyo nimenunua karatasi. Niliishia darasa la tano lakini kusoma nasoma, polepole, na neno likinishinda narudi nyuma nalivizia tena. Andika kwa hiki Kiswahili chetu cha nyumba. Baba yako na mimi tulikitumia kwa sababu Kikamba changu kilimshinda, na nikiongea Kikikuyu chake alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Niko na maswali mawili. La kwanza, hiyo kazi yako ni ya nini hasa? Wamucii wa kanisa aliniuliza mbele ya akina mama wote. Nikasema ni ya kompyuta. Akasema, "Ooh, kama yule anatengeneza simu hapo stegi ya matatu." Nikasema ndio. Ningesema nini?

La pili unalijua. Novemba hii ni miaka miwili tangu tumlaze baba yako. Kaburi tulilijengea, liko na maua ya rangi ya chungwa. Hujaliona. Sikulaumu, najua wakati ule ilikuwa mambo ya karatasi zako za kukaa huko, ati ungetoka hungerudi. Nasema tu hujaliona.

Pasaka inakuja.

Mimi mama yako,
Katunge


Tampere,
14 Machi 2025

Mama,

Barua yako ilitembea siku kumi na nne. Niliisomea kwenye ngazi, theluji ikiyeyuka viatuni, na karatasi ilikuwa inanuka moshi wa jikoni kwetu. Sijui kama unajua hivyo. Mimi ni mzima. Msalimie Kagure na huyo mkimbiaji wake. Na kwa vile mlinipa jina la mama yako, na wewe mwenyewe unaniita mwaitu, leo nitatumia hicho cheo cha kuwa mama yako: vaa sweta unapoenda kazini asubuhi. Usinijibu.

Sasa kazi. Usimwambie Wamucii ni kama yule wa stegi, ingawa yeye angalau watu humwambia asante.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya zingine zote. Inaitwa kerneli. Hakuna anayeiona. Ndiyo inasema sasa ni zamu ya huyu, wewe ngoja, wewe chukua nafasi hii, wewe rudisha uliyochukua. Ikikosea, kila kitu kilicho juu yake kinaanguka. Kampuni yetu inaunda mashine za hospitali zinazosukuma dawa kwenye mshipa wa mgonjwa, tone baada ya tone, na kerneli iko ndani ya hizo mashine. Wengine wanaiandika. Mimi naipima. Nachukua kipande kimoja kidogo, kwa mfano kile kinachohesabu muda kati ya tone na tone, nakitenga na wenzake, kisha nakiuliza: nikikupa hii utanirudishia nini? Nikikupa sifuri? Nikikupa namba kubwa kupita kiasi? Kila swali ni testi. Niko na testi mia sita na kitu. Kuziendesha sihitaji hata kugusa mashine ya hospitali. Kerneli yote inawaka ndani ya kompyuta yangu kama programu ya kawaida, testi zinapita mbio, na baada ya sekunde chache nasoma orodha: sawa, sawa, sawa, si sawa.

Na kwa kuwa kipande kiko peke yake, vile vitu huwa kinaongea navyo navitengenezea vya bandia. Kikiuliza saa ngapi, saa yangu ya bandia inajibu kile nimeiambia ijibu.

Pasaka sitaweza. Kuna testi moja inaanguka mara moja kwa kila mia hivi, ukiirudia inapita. Kikundi chetu hakina likizo mpaka kosa lipatikane. Inaonekana liko kwenye kazi ya Mikko, mzee mpole wa meza ya pili, anayekula mkate na samaki siku zote za Mungu. Siku hizi hali chochote. Kosa likipatikana, nakuja.

Wako,
Kanini


Chaka,
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mwaitu,

Mvua imekuja, asante Mungu, ingawa imekuja na fujo na kuchukua mahindi ya pale chini. Kagure anakusalimia. Sweta navaa, sasa nyamaza.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilitafuta tu mahali umeandika unakuja. Mara ya pili ndio nikasoma.

Kanini, kwani tunafanya kazi moja! Si mimi niko hapo kituo cha maziwa tangu ukiwa darasa la tatu? Mtungi wa kila mtu peke yake, kabla haujamwagwa kwa tangi. Nafungua, nanusa. Natumbukiza laktomita nione kama kuna mtu ameongeza maji ya mto. Nachanganya maziwa kidogo na spiriti, natikisa, yakishikana namwambia mwenyewe rudi nayo nyumbani. Wananitukana mpaka nimezoea. Simeon wa mkokoteni aliwahi kuniambia, "Mama Kagure, wewe ukifika mbinguni utampima Petro." Nikamwambia kama ameongeza maji, nitampima.

Lakini hiyo saa yako ya bandia imekataa kunitoka. Kitu kinaulizwa, kinajibu kile kiliambiwa kijibu. Nikafikiria simu yetu. Usikasirike, ni mawazo tu.

Chumba chako nilikipaka rangi. Nilikuwa nimeambia watu. Jana kanisani Wamucii akauliza, "Na msichana?" Nikasema ndege zimejaa.

Hapa kituoni kumekuwa na maneno. Wiki mbili zimepita lori la wanunuzi lilipima tangi likakataa yote, lita elfu moja na mia tatu. Zikamwagwa kwa mtaro, nyeupe mpaka barabara ya Nanyuki, mbwa wakanywa wakashindwa. Kamati ikasema ni mtungi wa Kingori, kwa sababu mwezi uliopita alikuwa na ng'ombe mgonjwa. Amesimamishwa, asilete maziwa tena. Kingori ndiye alichimba kaburi la baba yako na vijana wake. Hayo sitaki kuyaongea.

Kula. Vaa soksi mbili.

Mama


Tampere,
29 Juni 2025

Mama,

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilianza barua mbili nikazitupa. Huku sasa jua halizami mpaka saa tano usiku, watu wanakata nyasi saa nne usiku kana kwamba ni mchana, na mimi nimetundika blanketi dirishani. Afya nzuri. Nimejifunza kupika githeri kwa mahindi na maharagwe ya mkebe. Usicheke.

Kosa limepatikana. Halikuwa la Mikko.

Wiki kumi na moja tulimkalia. Aliandika kazi yake upya mara mbili. Aliacha kuja kula na sisi. Siku moja mimi nikabadilisha tu mpangilio wa testi, ya mwisho nikaiweka mbele, na nikaona kitu: ile testi huanguka tu ikifuata nyingine fulani. Kumbe testi moja ikiisha, saa yangu ya bandia ilikuwa hairudishwi sifuri. Iliyofuata inaanza na muda wa mwenzake ndani yake, kama mtungi ambao haukuoshwa. Unajua kwa nini sikutafuta huko? Saa niliitengeneza mimi. Niko na testi mia sita za kazi za watu, na ya hiyo saa hakukuwa na hata moja.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja. Kusema kulinichukua siku nne. Siku ya tano nilisimama kwenye mkutano nikasema, "Ni saa yangu. Mikko hakukosea popote." Mikko akasema, "Vizuri. Basi naweza kula." Hakucheka, na hakuniangalia wiki nzima. Lakini anakula.

Likizo bado haijulikani, Mama. Kuna toleo jipya la mashine mwezi wa tisa, na testi zingine mbili zimeanza kusumbua.

Halafu uliandika mambo ya Kingori ukasema hutaki kuyaongea. Mbona? Si mpimaji ni wewe?

Kanini


Chaka,
27 Julai 2025

Mwaitu,

Tuko wazima. Ukungu umekaa wiki tatu, mlima hatujauona, nguo hazikauki. Mtoto wa Kagure ameota meno ya nyuma na anauma watu.

Uliniuliza, si mpimaji ni wewe. Niliikunja hiyo barua nikaiweka ndani ya Biblia. Nikaitoa. Nikairudisha. Wiki nzima ilikuwa hivyo.

Mtungi wa Kingori niliupima kwa mkono wangu. Ulikuwa safi. Ule ambao sikuupima ni wangu.

Miaka kumi na minane, Kanini, mtungi wangu sijawahi kuupima. Nafika wa kwanza, namwaga kwa tangi, ndio nafunga leso nianze kupima watu. Nani angeupima? Mpimaji si ni mimi? Na hiyo asubuhi Rosa alikuwa na titi moja gumu. Niliona. Nikasema itapoa. Matone mawili ya spiriti yangeniambia. Lori liliporudi nyuma kwa mlango wa kituo nilijua kabla dereva hajafungua mdomo. Halafu mtu akataja Kingori, wakaniangalia mimi, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Wakaona nimekubali.

Miezi mitatu amekuwa akinyweshea ndama maziwa yaliyobaki. Na tukikutana njiani ananisalimia.

Niliposoma vile ulisimama mbele ya hao wazungu, nikaona haya. Jumanne nikaenda kwa kamati. Mutahi, mwenyekiti, akasema, "Mama Kagure, karibu, umeleta ripoti ya wiki?"

"Nimeleta kusema yale maziwa yalikuwa yangu."

"Yako aje? Yako si yalipimwa?"

"Yalipimwa na nani?"

Mwisho Mutahi akasema, "Lakini mama, sasa umetuweka wapi?" Kana kwamba alitaka niendelee tu kunyamaza ndio mkutano uishe haraka.

Kupima nimetolewa. Sasa naosha mitungi huko nyuma. Anayepima ni msichana wa Gatitu anaitwa Nduta, amesomea hiyo kazi. Mtungi wangu anaupima wa kwanza, na kila siku ananiambia samahani. Nilimwambia pima, wacha samahani.

Kwa Kingori nilienda mwenyewe. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe na hakuacha. Nikamwambia yote. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua aje?"

"Nilikuwa nyuma yako kwa laini. Ulipomwaga nilisikia harufu."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa umefiwa. Nikasema huyu mama atasema mwenyewe." Akakata, akakata. "Lakini ulikawia, Mama Kagure. Ulikawia sana."

Hakunipa chai. Nimeenda mara mbili tangu hiyo siku. Mara ya pili alinipa kiti.

Sitakuuliza tena unakuja lini. Hizo testi mbili zako zikiisha, ziishe.

Mama


Tampere,
31 Agosti 2025

Mama,

Leo sina habari za hali ya hewa.

Hakuna testi zingine mbili. Sijui kwa nini niliandika mbili, labda moja ingeonekana kidogo. Kosa lilipopatikana nilipewa likizo, wiki nne, kuanzia tarehe moja Julai. Zote nilizimaliza ndani ya chumba hiki, blanketi dirishani. Ukurasa wa tikiti niliufungua, nikajaza jina langu, nikaufunga. Nilifanya hivyo mara nyingi. Barua yako ya kwenda kwa Kingori ndiyo imenifanya nishindwe kuendelea.

Huku, Baba bado yuko. Hivi ndivyo ilivyo, na najua si akili. Nikiwa huku, yeye yuko huko nyumbani anagonga redio kwa ngumi ndio ishike stesheni. Mazishi niliyaona kwa simu ya binamu Munene. Picha ilikuwa inakwama. Nikaona jeneza likiteremka, kamba zikitolewa, halafu mtandao ukapotea kabla ya udongo. Niliita, niliita. Uliporudi watu walikuwa wanakula. Kwa hivyo kwangu hakumaliza kuzikwa. Nikija nikute kiti chake hakina mtu, basi.

Na nilikuogopa wewe. Niliogopa vile utaniangalia.

Sasa unajua. Siombi unisamehe hizo wiki nne. Nimekuambia tu.

Kanini


Chaka,
28 Septemba 2025

Kanini,

Nilikasirika siku mbili. Nilikasirikia hata kuku. Wiki nne! Mimi hapa napaka rangi chumba, naambia watu ndege zimejaa, na wewe umekaa umefunika dirisha.

Siku ya tatu hasira ikaisha, nikabaki na wewe tu.

Kiti chake kina mtu. Ninakikalia mimi. Nilianza wiki iliyofuata mazishi, kwa sababu kukiangalia ndio kulinishinda. Redio ilikufa. Niliigonga pia mimi.

Sasa nikuambie yale simu ya Munene haikukuonyesha, maana hakuna mtu alikuambia, na mimi nilidhani uliona. Baada ya kamba kutoka, pasta alisema maneno mafupi kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaribia. Kingori akashika koleo. Udongo wa kwanza ulikuwa na mawe, unajua ardhi ya hii Kieni yetu, ukapiga mbao kwa kishindo na Kagure akashtuka akanishika hapa juu ya kiwiko mpaka alama ikabaki. Wakasema mama arushe. Nikachukua mkono mmoja wa udongo, nikarusha. Nikainama tena. Pasta akasema, "Mama, inatosha." Nikamwambia, "Huo ulikuwa wangu. Huu ni wa Kanini." Nikarusha na wako. Halafu vijana wakajaza, wakaimba nyimbo zile za kupokezana, kiatu cha Munene kikakwama kwa matope, na katikati ya kulia kuna mtu alicheka. Nafikiri ni mimi. Wakaweka msalaba wa mbao. Mvua ikanyesha tukakimbia. Hivyo ndivyo iliisha. Iliisha, mwaitu. Na wewe ulikuwepo kwa mkono wangu.

Sitakuangalia vibaya. Macho yenyewe siku hizi yanaona nusu.

Mama


Chaka,
11 Desemba 2025

Mwaitu wangu,

Hii sitaipeleka posta. Posta ingekuletea Januari, na Kagure ameniambia ndege yako inatua kesho kutwa. Ulimpigia yeye, mimi ulishindwa. Ni sawa. Na yeye alishindwa kuniambia vizuri, alianza kulia nikadhani kuna mtu amekufa. Kwa hivyo naiweka hapa juu ya mto wako, mahali lazima uinue ndio ulale.

Naandika kwa sababu najijua. Ukishuka kwa gari nitaanza kuongea mambo ya nyasi, na bei ya viazi, na ndama wa Rosa vile amekuwa mkubwa. Nitakulisha mpaka ushindwe kupumua. Nitakuuliza mbona umekonda hata kama umenona. Hayo yote ukiyasikia, elewa kwamba ninatafuta pa kuanzia.

Nimezeeka kidogo tangu uende. Jino la mbele usiniulize liko wapi. Mikono imekauka kwa ile sabuni ya kuoshea mitungi, ukinishika utasikia ni kama gome. Nilikuwa naogopa utashuka uniangalie kama unasalimia nyanya wa mtu mwingine. Halafu nikafikiria, na yeye huko aliko anaogopa hivyo hivyo, basi tutaogopana pamoja siku ya kwanza, ya pili tutachoka.

Kwa baba yako tutaenda ukitaka. Ukitaka kesho yake, kesho yake. Ukitaka kungoja mpaka siku ya kurudi, ngoja. Yeye hajahama. Ukitaka kwenda peke yako pia, nitafunga mbwa na sitachungulia. Nitajaribu.

Watu watakuja kukuona. Wamucii atakuwa wa kwanza na atakuuliza kama unatengeneza simu. Mpe jibu lolote.

Miaka hii yote ulipokuwa mbali, kila jioni nikifunga kuku nilikuwa nahesabu watu wa nyumba hii kwa sauti, baba yako, Kagure, wewe, mimi, kama vile nilifanya mkiwa wadogo. Sikuwahi kuruka jina. Leo nimeanza na lako.

Ukimaliza kusoma usiniambie umesoma. Ikunje, uje tu. Niko jikoni, najifanya chai haijaiva.

Katunge